Sakafu za Watu

Fundi seremala hakuwahi kukosea. Watu ndio waliokosea, tena makusudi, na walipokosa la kufanya walijenga sakafu mbovu ili kumkomoa. Meza ilitoka kwake imetulia tuli, ikifika kwa mteja inacheza kama ina pepo. Mteja akirudi kulalamika, fundi hakuinua hata macho.

"Sakafu yako imepinda. Muite aliyekujengea."

Mwalimu mkuu sakafu yake imepinda, ya daktari wa meno imepinda, hata hakimu mahakamani meza yake ilicheza kwa sababu hiyohiyo. Mji mzima umelala upande, na aliyesimama wima ni yeye peke yake. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, mpishe njia.

Kazi yake lakini aliipenda, tusimnyime haki. Alipima, akakata, akapiga randa, akaunga. Mwisho aliiweka meza katikati ya karakana, palepale siku zote, akaitikisa. Ikicheza, alipunguza mguu mmoja kwa msumeno. Akaitikisa tena, akapunguza mwingine, mpaka ikatulia. Kisha aliipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba, akaitoa nje.

Balaa lilianza alipompelekea bintiye meza ya kulia. Binti alikuwa ameolewa na mwashi, kijana mpole aliyejenga nyumba yao kwa mikono yake na kuisugua sakafu mpaka ikang'aa. Meza ikawekwa, ikacheza, chai ikamwagikia mapajani mwa fundi mwenyewe.

"Mkwe," alisema akijipangusa, "kazi gani hii? Bomoa, umwage upya. Binti yangu karibu anajifungua. Mtoto aje ajifunze kutembea mlimani?"

Mwashi alijua sakafu yake ni nzima. Lakini baba mkwe utamwambiaje? Akajibu, "Sawa, baba."

Akabomoa, akamwaga upya. Siku ya kukaguliwa, meza ikacheza vilevile. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma kubwa.

"Kijana huyu hana mkono wa kazi. Rudia. Ukishindwa tena, namchukua binti yangu akajifungulie kwangu, kwenye sakafu ya watu."

Asubuhi iliyofuata binti aliingia karakana, tumbo mbele, mkononi kile kifaa cha mumewe cha pima maji, chenye kichupa cha maji na povu linalokaa katikati mahali palipo sawa. Hakusalimia. Hilo tu lingemshtua mtu mwenye akili.

"Umekuja kuhamia, mama?"

"Nimekuja kupima."

Akainama kwa shida, akakiweka sakafuni, palepale meza zinapotulizwa. Povu likakimbilia kulia. Akakisogeza kidogo, likakimbilia kushoto. Hapa bonde, pale kilima.

"Kimeharibika hicho," fundi akasema.

Binti akakigeuza ncha kwa ncha. Povu likarudi upande uleule.

"Hujui kukishika."

"Haya, kishike wewe."

Akakishika yeye. Povu halikujali ukubwa wa mtu.

"Baba, sakafu hii nani aliimwaga?"

Siku za kujenga karakana fundi alikataa kuita mwashi, maana waashi wote aliwaona wababaishaji.

"Mimi," alisema. Neno hilo halikuwahi kumtoka bila sifa kulifuata.

"Basi ujue mume wangu anabomoa hivi sasa. Anaogopa utanichukua."

Fundi alitoka mbio na aproni kiunoni. Njiani akili yake, kwa mazoea, ilimtafutia wa kumbebesha: saruji ya siku zile ilikuwa mbovu, mvua iliwahi, na huyu kijana naye, nani alimtuma awe mtiifu hivyo? Hili la mwisho lilimpendeza sana, karibu alishike. Kisha akasikia nyundo, akalitupa.

"Acha, mwanangu!" alipiga kelele mlangoni. "Sakafu yako ni nzima. Iliyopinda ni yangu. Meza zote zile, kosa ni langu."

Mwashi aliinua uso mweupe kwa vumbi.

"Asante, baba," alisema kwa adabu ileile. "Lakini hiki ndicho kilikuwa kipande cha mwisho."

Fundi alikitazama kifusi, ukuta hadi ukuta, akaona aibu, aibu hasa. Akapiga magoti, akaanza kuzoa.