Mstari wa Ndugu wa Karibu

Usiku wa jana niliota nimerudishwa kituo cha damu, kwa sababu kadi niliyopewa mchana baada ya kuchangia nilikuwa sijamaliza kuijaza. Penye mstari wa ndugu wa karibu nilichora kistari tu. Hapa mjini nafua mashuka ya gesti, sina mtu.

Napanda mzani. Unasoma arobaini na tisa, halafu unakohoa.

"Imepungua kilo moja kufika hamsini, dada. Umekula nini?"

"Ugali na dagaa."

"Na nani?"

Nasema peke yangu. Mzani unasema basi kilo yenyewe ndiyo hiyo. Unanipitisha hivyo hivyo, ila jina langu unaliandika kwa penseli.

Nalala, nesi ananichoma. Mfuko unajaa juu ya kile kimashine kinachoutikisa huku na huku. Ukishajaa, unacheua kama mtoto aliyenyonya. Nesi ananipa soda na biskuti, pamoja na masharti: nisinyanyue kitu kizito, nikae dakika kumi, nisiondoke mpaka mtu wangu aje kunichukua.

Nakaa kwenye benchi. Wenzangu wanachukuliwa. Kaka mmoja anafuatwa na shangazi watano, wanagombania nani amshikie kofia. Dakika kumi zinakwisha, nesi analeta nyingine kwenye sinia. Benchi limeshakuwa dawati langu la darasa la saba. Soda imeisha gesi.

"Huyu hana mtu," dawati linamwambia nesi kwa sauti ya chini, kama vile mimi sisikii.

"Basi atakaa. Sheria sikuitunga mimi."

Nauliza kama naweza kuondoka na mfuko wangu, maana tumekuja pamoja. Mfuko unaniomba radhi, unasema umeitwa wodi ya wazazi. Unakwenda bila kugeuka. Nataka kulia, lakini naogopa kupungua kilo nyingine.

Nimeshazeeka kidogo pale dawatini ndipo mlango unafunguka. Anaingia mama wa khanga, anatembea polepole, kitoto kichanga kifuani, plasta mkononi. Anasema anaitwa Somoe. Anasema tangu alipoongezewa damu mikono yake inanuka sabuni ya kufulia, na yeye hajafua wiki nzima.

"Nimekutafuta kila benchi. Inuka twende, mdogo wangu, ubwabwa unapoa."

"Nikupokee mtoto?"

"Wewe umekatazwa vizito. Shika biskuti zako."

Nesi anatufungulia mlango bila kutuuliza kitu.

Nikaamka. Chumba ni kile kile, sahani moja, kikombe kimoja. Nikaitoa kadi chini ya mto. Kistari changu kipo palepale. Juu yake pameandikwa Somoe, kwa penseli.

Mimi sina penseli.