Mkanda Haukukatika

Mwinyimadi alikuwa mtu wa kwanza kutoka Mzenga kuijua injini ya gari: kuifungua yote, kuitandaza juu ya gunia, na kuirudisha bila nati hata moja kubaki mkononi. Kazi hiyo aliipata katika Keya, jeshi la Waingereza, na vita vilipokwisha akaajiriwa kwenye shamba la mkonge upande wa Mlandizi, mali ya mama mmoja wa Kigiriki aliyefiwa na mumewe. Mkewe Biubwa alibaki Mzenga na mtoto wao Sikudhani, akilima muhogo. Mwinyimadi aliwaona mwisho wa mwezi, kama lori lilipatikana. Lisipopatikana, hakuwaona.

Mwana wa yule mama aliitwa Petro. Alizaliwa palepale shambani, na Kiswahili chake kilikuwa cha manamba na wapagazi, hata matusi yake yalikuwa ya Kizaramo. Umri wake na wa Mwinyimadi ulikuwa mmoja. Siku za kazi mmoja alikuwa bwana na mwingine fundi, wala hakuna aliyesahau. Lakini Jumapili wote wawili hawakuwa na pa kwenda. Petro hakuwa na mke. Wazungu wengine walimwona Mgiriki tu, na Wagiriki wenzake walikuwa mbali. Basi alishuka gerejini na birika la kahawa, akakaa juu ya sanduku la vyuma, wakazungumza habari za injini mpaka jua linapinda. Mwinyimadi hakuwahi kupata mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo hayo. Kule Mzenga, akianza tu kueleza jinsi petroli inavyogeuka moto, watu walimwitikia kwa adabu kisha wakamuuliza bei ya sukari mjini.

Mwaka wa hamsini na nne Petro akanunua gari la mbio. Lilikuja melini kutoka Uingereza: viti viwili, rangi ya kijani, fupi, chini chini, halina paa. Mtu akiketi ndani, aliweza kunyoosha mkono akagusa barabara. Petro alijiandikisha katika mashindano ya Pasaka, na miezi mitatu mizima wakawa hawana Jumapili nyingine ila ya gari lile.

Siku moja Petro alikuja na mikanda miwili mipana aliyoipata kwenye mabaki ya ndege. Wakati wa vita alikuwa kwenye kiwanja cha ndege, akizitengeneza.

"Niliona ndege imeanguka kifudifudi, Mwinyi," alisema. "Rubani akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akaomba sigara. Mkanda tu ndio uliomwokoa. Sijui kwa nini wenye magari hawaweki mikanda."

Mwinyimadi alilala chali chini ya gari, akagonga sakafu kwa spana. "Huku ni mbao, bwana. Bolti itashika ubao. Ubao utashika nini?"

"Tia bamba la chuma."

"La unene huo liko moja tu."

"Basi tia upande wako," Petro akasema, akinywa kahawa yake. "Mimi nina usukani wa kushikilia."

Mwinyimadi alicheka. Kesho yake, Petro akiwa shambani, alilitia lile bamba upande wa dereva, akakaza bolti nne mpaka spana ikagoma. Upande wake alipitisha bolti kwenye ubao mtupu. Hakuona kuwa ni jambo la kuulizwa. Gari lilikuwa la Petro, na mama yake hakuwa na mtoto mwingine.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla masika hayajaanza. Walitoka Mlandizi kuelekea Ruvu kulijaribu gari, Petro akiendesha, Mwinyimadi pembeni akiinamisha kichwa kusikiliza injini. Barabara ilikuwa ya changarawe, imesawazishwa juzi yake, imenyooka kama uzi.

"Silinda ya tatu inakohoa," Mwinyimadi akapaza sauti.

"Nini?"

"Ya tatu! Inakohoa!"

Petro akacheka, akakanyaga. Mshale ulifika maili sabini, kisha ukapita. Halafu tairi la mbele, upande wa kulia, likapasuka.

Mwinyimadi hakukumbuka kupinduka. Alikumbuka mlio wa tairi, kisha akakumbuka udongo mdomoni. Alikuwa amelala katika majani, hatua ishirini kutoka barabarani. Mkanda ulikuwa bado umemfunga kiunoni, na kipande cha ubao kinaning'inia kwenye bolti zake. Ubao ulikuwa umeng'oka, na yeye akatupwa nje pamoja nao.

Gari lilikuwa limelala kifudifudi, magurudumu yanazunguka hewani. Petro alikuwa chini yake, kitini mwake, amefungwa. Gari halina paa. Uzito wote wa chuma ulikuwa umemwangukia yeye, na mkanda ulikuwa umemshika barabara asiweze kutoka.

Mwinyimadi alitambaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika. Akaingiza wa kulia chini ya bodi, akapapasa akitafuta kifungo cha mkanda. Alikipata, lakini kilikuwa kimebanwa kati ya tumbo la Petro na usukani, hakifunguki. Akaweka bega lake kwenye ubavu wa gari, akasukuma. Halikutikisika.

"Mwinyi." Sauti ilitoka chini. "Umeumia?"

"Sikuumia, bwana. Ngoja kidogo. Ngoja nikutoe."

"Umeona?" Petro alipumua kwa shida. "Mkanda umeshika."

Mwinyimadi akasema, "Umeshika, bwana."

Alipanda barabarani akapiga kelele. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Alirudi, akasukuma tena, akapanda tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Wafanyakazi wa barabara walipofika mbio na magogo ya kunyanyulia, Petro alikuwa amekwisha kufa.

Mwinyimadi alilazwa wiki tano hospitalini mjini, mkono na mfupa wa bega vimefungwa. Watu wa Mzenga walikuja kumtazama. Wazee walimwambia, "Hongera, mwanetu. Mungu amekunusuru." Alipofika kijijini, ubani ulichomwa, dua ikasomwa, wali ukapikwa. Watoto waliletwa wamtazame mtu aliyerushwa na gari akasimama. Kila aliyempa mkono alicheka kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyempa pole ya kufiwa. Aliyekufa hakuwa ndugu yake, hakuwa wa dini yake, hakuwa hata wa rangi yake. Nani angekaa matanga kwa ajili ya Mgiriki? Mwinyimadi alikula wali ule, akasema ahsante, akaenda nyuma ya nyumba akasimama peke yake kwenye mihogo.

"Baba Sikudhani," Biubwa alimwambia siku ya tatu, "tangu uje hujasema neno refu kuliko 'ndiyo'. Kitu gani kinakuuma?"

"Mkono."

"Sio mkono unaokufanya usile."

Alimtazama mkewe. Alikuwa mwanamke mwema, na alimsikitikia. Lakini aanzie wapi? Amweleze bamba, ubao, bolti, kifungo? Kila neno lingehitaji neno jingine la kulieleza. Mtu aliyeyajua maneno hayo yote alikuwa amezikwa.

Aliitwa bomani Kisarawe kutoa ushahidi. Ofisa aliuliza kwa Kiingereza, karani akageuza kwa Kiswahili.

"Mwendo ulikuwa kiasi gani?"

"Maili sabini na zaidi."

"Dereva alikuwa amekunywa pombe?"

"Kahawa."

"Mkanda ulikuwa umefungwa?"

"Yote miwili. Bwana, ile mikanda niliitia mimi. Ule wa kwake…"

Karani aligeuza sehemu ya kwanza tu. Ofisa aliandika. Akasema ni ajali, tairi limepasuka, hakuna mwenye kosa, shahidi aende. Mwinyimadi alibaki amesimama mbele ya meza.

"Umeambiwa uende," karani akamwambia.

"Nilikuwa sijamaliza."

"Kwa serikali umemaliza."

Basi alikwenda kwa miguu mpaka shambani, siku nzima na asubuhi ya pili, maana miguu yake ilikataa kupanda gari. Malori mawili yalisimama kumchukua. Aliyaambia yaende.

Mama yake Petro aliitwa Mama Eleni. Alikuwa amekaa barazani, amevaa nguo nyeusi, mikono juu ya mapaja. Kazi zote alikuwa amezisimamisha. Mwinyimadi alivua kofia chini ya ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama mkono uliofungwa. "Nilidhani hutakuja. Wote wanaokuja wananiambia hakuteseka. Daktari, padri, wote. Hawakuwepo. Wewe ulikuwepo. Panda, ukae."

Mwinyimadi hakuwahi kuketi kwenye baraza ile. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Aliteseka?"

"Ndiyo, mama. Si kwa muda mrefu."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama nimeumia."

Mama Eleni alifumba macho. Mwinyimadi aliona kwamba asipolisema sasa, hatalisema tena maisha yake. "Mama, kuna jingine. Bamba la chuma lilikuwa moja. Aliniambia nilitie upande wangu. Nami nikalitia upande wake. Sikumwambia. Ubao wangu uling'oka, nikatupwa nje. Wake haukung'oka. Mkanda haukukatika, mama. Ulimshika pale chini. Kama ningefanya alivyoniambia, labda mimi ndiye ningekufa, na yeye angekuwa hapa."

Mashine za mkonge zilikuwa zimezimwa, na hata ndege walisikika.

"Kwa nini ulitia kwake?" mama akauliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa kali.

"Nilitaka awe salama zaidi yangu."

"Nenda," akasema. Mwinyimadi akainuka. Alikuwa amefika ngazi ya mwisho alipoitwa. "Rudi. Sikukufukuza. Sijui ninalosema." Alikuwa analia sasa, uso umenyooka, machozi yakishuka bila kufutwa. "Na mimi ndiye niliyemwambia asiliendeshe gari lile bila mkanda. Alinisomea gazetini habari za wanaokufa barabarani, nikamwambia, tafuta kitu cha kukufunga. Unasikia? Mimi. Wewe ulikaza tu."

Mwinyimadi alirudi akaketi, safari hii kitini kabisa, na wakakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye ua.

"Pole, Mwinyimadi," Mama Eleni akasema alipomwona anaondoka. "Ulikuwa rafiki yake. Mwingine hakuwa naye."

"Nawe pole, mama."

Baada ya miezi miwili Mama Eleni aliuza shamba, akapanda meli kurudi kwao alikokuwa hakujui tena. Msimamizi mpya alitaka fundi ambaye pia ni dereva. Mwinyimadi akasema hawezi kuendesha, na hakusema kwa nini. Akafunga spana zake katika gunia, akaenda kwa miguu kurudi Mzenga.

Kule alitengeneza baiskeli na cherehani. Alilima na mkewe. Watu walizoea ukimya wake, wakauita tabia. Biubwa aliacha kuuliza. Jumapili zilikuwa ndefu kupita siku zote. Alinoa majembe ambayo hayakuwa butu, alimradi mikono ifanye kitu.

Mwaka wake wa pili kijijini alikuja Kibwana, mchuuzi wa nazi na mkaa, na lori kuukuu alilolinunua mjini. Breki zilikuwa zimekufa. Mwinyimadi alikataa mara mbili. Mara ya tatu Kibwana alisema, "Basi nitakwenda hivyo hivyo, kaka. Kisarawe kuna mteremko, lakini Mungu yupo."

Mwinyimadi alimtazama, akaenda kuchukua gunia.

Kazi ilimchukua siku mbili. Alifungua magurudumu yote manne, akakata mpira wa kuzibia, akakaza, akafungua alichokaza, akakaza tena. Kibwana alichuchumaa karibu akimtazama.

"Sasa ni salama?"

"Breki zinashika," Mwinyimadi akasema.

"Mimi nimeuliza kama ni salama."

"Nami nimekujibu ninachokijua. Gari likiwa na breki lina breki. Tairi likipasuka, au ng'ombe akikatiza, au ukiwa na usingizi, hilo sikulitengeneza. Hakuna fundi anayelitengeneza. Nenda polepole."

Kibwana akapanda, akawasha. "Twende basi ukazijaribu. Fundi gani hajaribu kazi yake?"

Biubwa alikuwa mlangoni na kapu la muhogo. Alikwisha kumwona mumewe akiyaacha malori yapite, akienda kwa miguu hata Maneromango, hata penye mvua. Alingoja aseme hapana.

Mwinyimadi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Alilitazama tairi la mbele upande wa kulia, akaliinamia, akalibonyeza kwa kidole gumba. Kisha akazunguka nyuma, akapanda juu ya magunia ya mkaa, akashika ubavu wa lori kwa mikono yote miwili.

"Njoo mbele, kiti kipo!" Kibwana akaita.

"Endesha. Nipo hapa."

Lori likaondoka polepole kuelekea Kisarawe. Penye mteremko wa kwanza Mwinyimadi alifumba macho. Akazisikia breki zikishika, zikaachia, zikashika tena. Akayafumbua. Vumbi lilikuwa jekundu nyuma yao, na mihogo ya watu ilikuwa ikipita huku na huku. Kulikuwa na mlio mdogo kwenye gurudumu la nyuma, kama wa mtu anayesafisha koo. Alijua ni nini. Aligeuza uso kutaka kumwambia mtu, na juu ya magunia hakukuwa na mtu.