Washonaji wa Ukutani

Kengele ya mapumziko ilipolia, wakataji waliweka mikasi mezani, cherehani zikanyamaza mojamoja kama watu waliokatizwa maneno, na mchoraji akaingia na chakula cha dada yake kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Mlinzi hakumuuliza kitu. Alikuwa akipita pale kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi, wala hakuna aliyemwita mchoraji. Walimwita Mdogo, kwa kuwa alikuwa mdogo wa kike wa Mama Kola, ingawa mvi zilikwisha anza kumchungulia juu ya masikio.

Mama Kola hakuwa mama wa mtu. Jina alilipata kwa kushona kola za mashati ya sare, kola tupu, basi. Shati lililobaki lilipitia kwa wengine: huyu mikono, yule mifuko, Mama Vifungo vifungo, na mwisho kabisa, penye dirisha lisilofunguka, Mzee Pasi alilinyoosha. Wazazi wao walipofariki, dada mtu aliacha shule akaingia kiwandani ili mdogo mtu asiache. Mdogo alisoma akamaliza, na baada ya hapo hakupata kazi yoyote ya maana isipokuwa kuchora. Dada yake hakuwahi kumsimanga.

"Wenzangu wadogo zao wanalewa," alikuwa akisema. "Wangu anachora. Nina nafuu."

Mama Kola alikula harakaharaka na kurudi kwenye cherehani kabla kengele haijalia tena, na hapo ndipo Mdogo alipomchora. Alichorea vipande vya karatasi ngumu ambayo wakataji hupimia nguo. Dada yake aliviokota chini ya meza vikisubiri kufagiwa. Picha hazikuzidi kiganja. Alikwisha chora ngazi, foleni ya bombani, Mzee Pasi ndani ya mvuke wake, mikono ya Mama Vifungo. Lakini nyingi zilikuwa za dada yake, ameinama, shingo imejipinda upande mmoja. Mama Kola alizibandika ukutani kwa pini, kando ya cherehani yake, moja juu ya nyingine.

Mwaka mmoja vumbi la pamba lilimkaa Mama Kola kifuani, akalala nyumbani siku kadhaa. Aliporudi, alikuta kikapu kilichokuwa chini ya picha zake kimejaa kola. Msimamizi, mwanamke aliyevaa miwani yake shingoni zaidi kuliko machoni, alikuwa akizipindua.

"Umezishona saa ngapi hizi?"

"Mimi nilikuwa kitandani."

Wakatazama ukutani. Kwenye picha ya juu kabisa, Mama Kola wa penseli alikuwa akikanyaga cherehani. Kola iliteleza chini ya sindano, ikatoka pembeni mwa karatasi, ikadondoka kikapuni. Msimamizi aliiokota, akapandisha miwani, akaukagua mshono.

"Imenyooka," alisema. "Kuliko zako za siku hizi."

"Hiyo picha ya zamani," alijibu Mama Kola. "Macho yangu yalikuwa bado mazima."

Tajiri alishuka kutoka ofisini, jambo ambalo kwa kawaida lilitokea mtu akiwa amekatika kidole. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hajawahi kumgombeza mfanyakazi. Alisimama mbele ya picha mpaka kola nyingine ikadondoka, kisha akauliza nani kaichora. Kesho yake Mdogo alikuwa na kiti, meza penye mwanga, penseli mpya na mshahara. Mama Kola alizunguka ukumbi mzima akijisifu. "Niliwaambia mtoto huyu atakuja kutufaa. Niliwaambia au sikuwaambia?"

Watu walifurahi. Walidhani mtu akiuguliwa na mwana, au akichelewa kwa mvua, picha itamshikia zamu. Walikuja kuchorwa wamechana nywele na kupaka mafuta. Mzee Pasi alitaka arudishiwe meno.

"Chora tu, mwanangu. Hayakupunguzii kitu."

Mdogo akamrudishia meno. Lakini tajiri alipoiona ile picha aliomba kwa upole mdomo ufungwe. "Wachore wameinama," alisema. "Anayecheka hufanya kazi akili iko kwingine."

Mama Vifungo alichorwa na kikombe chake cha chai pembeni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kikombe hicho. Picha yake ilipotundikwa ilitia vifungo vizuri, ila kila baada ya muda ilisimama, ikanywa, ikashusha pumzi, ndipo ikaendelea. Msimamizi aliirudisha mezani kwa Mdogo.

"Tajiri anasema kikombe kitoke."

Mdogo aliitazama raba, akamtazama dada yake upande wa pili wa ukumbi. Dada yake alimpungia mkono. Akakifuta kikombe. Tangu siku hiyo Mama Vifungo hakunywa chai tena. Kila kikombe alichokiinua kilimtoka mkononi, akabaki ameshika hewa, vidole vimekunjwa. Alizoea kunywa maji kwa kiganja. Hakumlaumu mtu, alisema chai ilikuwa inamnyima usingizi vilevile.

Alipochorwa mtu wa mwisho, tajiri aliwakusanya wote. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Aliwaambia wameumia vya kutosha, sasa wakapumzike nyumbani na watoto wao, kazi itabaki katika mikono salama. Mzee Pasi ndiye aliyeuliza watapumzikia nini, maana tumbo halipumziki. Tajiri alimshika bega, akamwambia hilo ni swali zuri sana, akapanda ngazi. Cherehani ziliuzwa wiki ileile. Picha zilitundikwa kwenye kamba kwa vibanio, kama nguo zilizoanikwa, na chini ya kila moja kikapu. Mama Kola alitaka kubandua zile zake za zamani aondoke nazo. Msimamizi alimwambia vitu vya ukutani ni vya kiwanda. Mdogo naye aliagwa, kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kumchora.

Siku za mwanzo Mama Kola alidhani mwili umeshtuka kwa kukaa bure. Anachambua mchele, kidole kinachomwa na kutoa damu, na kwenye mchele hakuna hata jiwe. Asubuhi anaamka mzima. Ikifika saa kiwanda kinapofunguliwa, shingo inajipinda upande, na jioni mgongo hauinuki. Mzee Pasi alikuja mikono imebabuka kwa mvuke, na kwake hakuna pasi. Mama Vifungo alisema haoni tena vizuri kwa karibu. Walikaa kwenye chumba walimoishi Mama Kola na mdogo wake, wengine kitandani, wengine chini, wote hoi kwa kazi ambayo hawakwenda kuifanya. Hakuna aliyemtazama Mdogo usoni, na ilikuwa afadhali wangemtukana.

Walikwenda kwa afisa wa kazi. Alikuwa kijana mstaarabu. Aliwaamkia wakubwa, akawatafutia viti, akasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Hakuwatilia shaka hata chembe.

"Nimeelewa," alisema. "Picha zinashona, na uchovu unakuja kwenu."

"Uchovu wote," alisema Mzee Pasi. "Mshahara hauji hata robo."

"Sasa mzee, hiyo siku mnayosema mmefanya kazi, mlikuwepo kazini?"

"Hatukuwepo. Picha ndizo zilikuwepo."

"Basi hamkuwepo." Aliwaonea huruma kweli, ilionekana. "Na hizo picha, karatasi yake ya nani?"

Mama Kola akasema ilikuwa ya kutupwa.

"Ya kutupwa ya nani, mama?"

"Ya kiwanda."

"Mimi hilo silisikii, kwa faida yako. Na aliyechora, alilipwa?"

Hapo wote walimgeukia Mdogo. Alijibu kwamba alilipwa. Afisa alikunjua mikono yake juu ya meza kuonyesha kwamba haina kitu, kisha akawasindikiza mpaka mlangoni na kuwaombea afya njema.

Mdogo alijaribu kurekebisha alichoharibu. Alinunua karatasi yake mwenyewe na rangi za maji, akawachora wote wamelala: Mzee Pasi chali, mdomo wazi na meno yake yote, Mama Vifungo amejikunyata, dada yake kwenye shuka la bluu, shingo imenyooka juu ya mto. Zilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Ziliwafaa pia. Asubuhi walikuwa wepesi, na Mama Kola aliimba akifagia, jambo lililokuwa halijasikika chumbani humo tangu aache shule.

Kabla ya wiki kwisha, Mdogo alikutana na msimamizi dukani.

"Sijui umefanya nini," msimamizi alimwambia, "lakini usiache. Kola zinamwagika kama mvua. Tajiri anataka kuongeza vikapu."

Mdogo alirudi nyumbani akitaka kuzichana picha za usingizi. Walimkataza. Usingizi ni usingizi, walisema, hata kama nguvu yake anakula mwingine.

Mama Kola hakuwa mtu wa kushika tama. Aliazima cherehani kuukuu ya jirani, akaiweka mlangoni, akaanza kuita wapita njia. Mwanamke mmoja alisimama, akashika shati alilolishona, akaligeuza kola.

"Zuri, dada yangu. Lakini pale sokoni kuna ya kiwandani, bei chini, na kola yake imesimama kuliko hii."

"Hiyo kola nimeshona mimi."

"Si unaona? Basi nikinunua ile nimekuunga mkono vilevile."

Akaenda zake kwa moyo mweupe kabisa. Mama Kola alikaa pale mlangoni mpaka jua likamfikia miguuni. Kisha akamwita mdogo wake.

"Nenda kiwandani ukafute sindano."

"Dada, uliona chai ya Mama Vifungo. Hutashika tena sindano maisha yako."

"Na nikishika nashona nini? Nimeshindwa na mimi mwenyewe sokoni." Alikohoa, akatema kwenye kitambaa, akakikunja bila kukitazama. "Nenda. Nimechoka kuchomwa."

Mdogo alikwenda na raba kwenye mfuko wa gauni. Alitarajia kufukuzwa getini na alikwisha piga moyo konde. Mlinzi alimwamkia na kumfungulia. Ukumbi ulikuwa kimya kama darasa la watu wanaofanya mtihani. Kilichosikika ni nguo zikidondoka vikapuni. Tajiri mwenyewe alikuwa katikati, mikono nyuma. Mdogo alimweleza alichokuja kufanya, kwa kuwa hakujua kusema uongo.

"Futa," alisema tajiri. "Siwezi kumzuia msanii kugusa kazi yake."

Dada yake wa penseli hakuinua uso. Mdogo alishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akaisugua sindano taratibu mpaka ikatoka, akapuliza mabaki ya raba. Kola iliyokuwa ikipita ilisimama njiani, nusu ndani ya karatasi na nusu nje. Mama Kola wa pichani alijaribu kukanyaga mara moja, mara mbili, kisha akaweka mikono mapajani. Hakuwahi kuonekana amekaa hivyo pale kiwandani. Mdogo alijikuta akitabasamu.

"Umemaliza?" aliuliza tajiri.

"Nimemaliza."

"Haya." Alimgeukia msimamizi. "Toa nyingine."

Msimamizi alivuta droo. Ndani zilikuwemo picha zote alizokuwa amezibandika Mama Kola ukutani kwa miaka ile yote: Mama Kola msichana, Mama Kola wa kipindi cha mvua kubwa, Mama Kola mwenye kilemba cha maua, wote wameinama. Alichagua moja, akaibana kwenye kamba. Akafikiri kidogo, akabana na ya pili kando yake, kufidia muda uliopotea. Zote mbili zilianza kushona kabla hajaondoa mkono.

Mdogo alifika nyumbani akamkuta dada yake anajaribu kupandisha pindo la gauni lililofumuka. Sindano ilikuwa ikimponyoka kila akiigusa, inaangukia mapajani, naye anaipapasa tena. Mdogo alimweleza yote, hakumficha kitu. Mama Kola alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akamsogezea gauni, uzi na kijisanduku cha sindano.

"Shona wewe, basi. Mimi nitakuelekeza."

Mdogo hakuwahi kushona; dada yake ndiye aliyekuwa akimshonea kila kitu. Alitunga uzi kwa shida, akaanza. Mshono ulikwenda mrama, ukapanda, ukashuka.

"Usivute hivyo, utaukunja. Chukua kidogo. Kidogo zaidi. Hapo."

Alikwenda hatua chache vizuri. Ghafla dada yake aliguna, na mara moja akaguna tena. Mdogo alisimamisha mkono.

"Nimekosea?"

"Hapana, si wewe," alisema Mama Kola. Vidole vyake viwili, kimoja kila mkono, vilikuwa vimetoka damu, akavifuta kwenye kitambaa. "Endelea tu. Usiutazame mkono wangu, tazama mshono."