Siku Bwana Ghalib Alipopika Mtama

Punda wa Bwana Ghalib bin Sleyum alikaa kitako katikati ya njia ya Ndagoni, siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Hakujikwaa wala hakuanguka. Alikaa tu, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka kubishana, na Bwana Ghalib aliyekuwa mgongoni akateleza kwa nyuma mpaka akajikuta naye amekaa mchangani, kilemba kimemshukia puani.

Watu wa Ndagoni wana adabu zao. Hakuna aliyecheka. Wote waligeuka kwa pamoja wakaanza kuitazama minazi kana kwamba hawajapata kuiona, na mabega yao yakawa yanatikisika.

Bwana Ghalib alikuwa mtu wa minazi mingi na pilau nyingi. Pilau yake ilikuwa ya samli, na baada ya pilau ilikuja halua, na baada ya halua alijilaza, na akiamka aliuliza kama pilau imebaki. Wakati huo Wadachi walikuwa na boma lao kule Chole, na fundi hodari wa kushona kanzu naye alikuwa Chole. Bwana Ghalib alikuwa akivuka kwenda kwa fundi huyo mara kwa mara kupanuliwa kanzu, mpaka fundi akaanza kumwekea kitambaa akiba bila kuambiwa.

Lakini siku ile ya punda aliingia nyumbani, akakataa halua. Mkewe, Bi Zubeda, alipoona halua imekataliwa, alijua mambo yameharibika. Akamwita Bi Mwanamkuu wa Miburani, mkandaji aliyewakanda nusu ya watu wa kisiwa na asiyemwogopa hata mmoja wao.

Bi Mwanamkuu alimlaza mgonjwa wake chali, akambonyeza tumbo huku na huku, kisha akaweka sikio.

"Humu ndani kuna watu wanagombania nafasi," alisema.

"Dawa yake?" Bwana Ghalib aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bakuli."

"Bakuli la dawa gani?"

"La chakula, mwanangu. Chini mtama wa kuchemsha. Juu yake kitoweo cha baharini, kando mboga za majani, na mchuzi wa kutengeneza nyumbani kidogo tu, wa kuupa mtama ladha. Bakuli moja mchana, basi. Na samli muagane kwa heri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uweze kufunga kiatu chako mwenyewe ukakiona."

Kesho yake Bi Zubeda akapika kama alivyoelekezwa, akatenga. Bwana Ghalib akainama juu ya bakuli, akalitazama muda mrefu.

"Zubeda," alisema, "leo kuku wamekula nini, maana naona chakula chao nimepewa mimi?"

Bi Zubeda alikuwa ameshinda jikoni tangu asubuhi. Akaliondoa bakuli lile mbele yake polepole.

"Basi kesho upike mwenyewe."

"Nitapika! Kazi gani? Kitu chenyewe ni kutia kwenye maji na kungoja. Ila nikiwa jikoni sitaki kusikia neno lako hata moja. Usinielekeze."

"Hata moja?"

"Hata moja, mpaka nitakapokaa kula."

"Haya," alisema Bi Zubeda, akafumba midomo.

Alikubali upesi mno, na hilo peke yake lingetosha kumtia mume wasiwasi. Lakini Bwana Ghalib alikuwa tayari anatafuta shuka ya kujifunga juu ya kanzu.

Asubuhi ilimkuta jikoni. Bi Zubeda alikuwa amekaa mlangoni anasuka ukili wa mkeka, kanga zake zimetandaa mpaka chini pande zote, mdomo umefumbwa. Bwana Ghalib akakishika chungu, akakitazama, akalitazama na tumbo lake, akakijaza mtama mpaka shingoni. Kisha akaanza kutafuta nafasi ya kutia maji.

Nyuma yake ukasikika mguno.

"Umesema nini?"

"Mm," alisema Bi Zubeda.

"Hiyo ni 'mm' ya ndiyo au ya siyo?"

"Mm."

Akalazimisha maji yakaingia, akachochea moto, akangoja kama alivyosema. Mtama haukungoja. Ulianza kuvimba, ukainua mfuniko, ukachungulia nje, ukaanza kuteremka kwenye mafiga. Bwana Ghalib akauchota kwa upawa akautia chungu cha pili, akaongeza maji. Cha pili nacho kikajaa. Akavuta sufuria. Sufuria nayo ikaanza kupanda. Akachota, akahamisha, akaongeza maji, akachota tena, jasho linamtiririka, mpaka vyungu vikaisha ila kile cha kitoweo, akakimbilia ndani kuchukua beseni la shaba walilopewa harusini, ambalo tangu siku ile lilikuwa limetundikwa ukutani kwa heshima. Likajaa.

"Mtama huu umerogwa!" alipiga kelele.

Bi Zubeda aliinamia ukili wake, mabega yakatikisika kama ya watu wa Ndagoni siku ile ya Ijumaa.

Ikaja zamu ya mchuzi. Alikwisha kuroweka ukwaju, akamenya tangawizi, akachambua pilipili nyekundu kwa vidole vyake mwenyewe. Alikuwa na nazi. Kitu alichokosa ni mbuzi wa kukunia. Alitafuta chini ya kitanda cha jikoni, nyuma ya mitungi, juu ya dari. Hakumwona. Akamtazama mkewe. Mkewe akautazama ukili.

Bwana Ghalib akatoka mpaka kwenye ua wa makuti unaotenga kwake na kwa jirani yake, Shaabani.

"Shaabani! Niazime mbuzi!"

"Mbuzi?" sauti ya Shaabani ilijibu kutoka ng'ambo. "Unamtaka sasa hivi?"

"Sasa hivi! Nyumba imejaa mtama!"

Punde mbuzi akaja. Alikuwa beberu mweusi mwenye ndevu, kamba shingoni, akasukumiwa ndani kupitia pengo la ua, na kabla Bwana Ghalib hajapata neno la kusema, Shaabani alikuwa amekwisha kuondoka kwa furaha kwenda kuwaambia watu kwamba leo kwa Bwana Ghalib kuna karamu.

Beberu akatazama jikoni. Akauona mchicha uliokwisha kuoshwa ukawekwa juu ya ungo. Akaula, pamoja na ukingo wa ungo.

"Zubeda! Mboga!"

"Mm," alisema Bi Zubeda, na machozi yakamdondoka juu ya ukili.

Bwana Ghalib akamfunga yule mnyama kwenye nguzo ya jiko. Nazi akaivunja kwa panga, akabandua nyama yake vipande vipande, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, vile vipande akaviweka juu ya jiwe la figa kwa muda kidogo tu. Alipovikumbuka vilikuwa vimebabuka, vimekuwa rangi ya kahawia. Akasema liwalo na liwe. Akavitupa kinuni pamoja na pilipili, tangawizi, chumvi na kitunguu, akavitwanga kwa hasira zote alizokuwa nazo, akamimina maji ya ukwaju, akatwanga tena. Ukatoka uji mzito mwekundu. Kisha, kwa vidole vilevile vilivyochambua pilipili, akajifuta jasho machoni.

Alizunguka jiko mara kadhaa kabla hajauona mlango.

Alikuwa bado hajampika pweza. Huyu aliletwa alfajiri kutoka mwambani, mkubwa, mikono imemzunguka mwenyewe kama mtu aliyenuna. Bwana Ghalib alijua jambo moja juu ya pweza, nalo ni kwamba asipopigwa hulika kama mkanda wa ngozi. Akamchukua, akachukua na bakora yake ya kutembelea, akaenda nyuma ya jiko kwenye jiwe la kufulia, karibu na alipofungwa punda, akaanza kazi.

"Lainika!" Pa! "Nakwambia lainika!" Pa! "Bado mgumu tu? Leo nitakula, utake usitake!"

Punda aliyekuwa karibu akashtuka, akalia kwa sauti ya kusikika Miburani.

Wakati huo Chiku alikuwa anarudi kutoka shambani na kitenga cha mboga kichwani. Mwanamke huyu alikuwa na moyo wa huruma na sauti ya kuitia meli. Alisikia bakora, akasikia maneno, akasikia punda. Akaunganisha.

"Jamani!" alipiga ukelele. "Bwana Ghalib anampiga punda! Anasema atamla!"

Njia nzima ilikuwa tayari ina watu, maana Shaabani alikuwa amefanya kazi yake vizuri, na wengi walikuwa wanakuja karamuni na kanzu safi. Waliposikia ni karamu ya punda wakasimama, wakabishana kwa muda.

"Si halali!" alisema Shaabani, amekwama kati ya njaa na dini. "Punda haliwi!"

"Basi tukamzuie!" alisema Chiku, akatangulia.

Wote wakaingia uani. Walimkuta Bwana Ghalib mlangoni pa jiko, shuka juu ya kanzu, bakora mkononi, macho mekundu kama pilipili zilizoiva, machozi yanambubujika mpaka ndevuni. Nyuma yake chungu kilikuwa kinachemka.

"Bwana Ghalib, shikamoo, acha!" Chiku alilia.

"Marahaba. Niache nini?"

"Analia," watu walinong'onezana. "Amekwisha kujuta."

"Yuko wapi?" aliuliza Shaabani.

"Nani?"

"Uliyekuwa ukimpiga."

"Ah, huyo. Alikuwa mgumu, lakini nimemlainisha. Yuko chunguni."

Wanawake wakashika vichwa. Shaabani alikitazama kile chungu, akakipima kwa macho.

"Mzima?"

"Nimemkata vipande. Angeingiaje mzima, na mikono yote ile?"

"Mikono?" alisema Chiku. Akamgeukia Bi Zubeda. "Bi Zubeda, shikamoo, hebu tuambie wewe. Ni kweli?"

Bi Zubeda alikuwa amejifunika kanga usoni, anatetemeka mwili mzima. Akaonyesha mdomo wake kwa kidole, akaonyesha kwa mumewe, akatikisa kichwa.

"Amemkataza kusema!" alisema Chiku. "Masikini, mwone anavyolia!"

Hapo ndipo punda, aliyeona watu wengi na kitenga cha mboga, alipochomoza kichwa pembeni mwa jiko, akalia tena.

Watu walimtazama punda. Punda aliwatazama watu.

"Sasa," alisema Shaabani polepole, "chunguni kuna nani?"

"Pweza!" alinguruma Bwana Ghalib. "Kuna pweza! Nyie mlidhani nani?"

Shaabani akaona afadhali abadilishe maneno, akauliza, "Na mbuzi wangu, umemchinja?"

"Mbuzi wako amekula mchicha wangu! Mimi nilitaka mbuzi wa kukunia nazi!"

"Mtu mkubwa kama wewe utaomba mbuzi wa kukunia nazi? Mimi ningejuaje? Ukaniambia nyumba imejaa mtama, nikajua umealika watu. Nami nikawaalika."

Bwana Ghalib akawatazama wale watu wote na kanzu zao safi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akageuka akatazama jikoni: vyungu vimejaa, sufuria imejaa, beseni la harusi limejaa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaona hesabu imekubali.

"Kaeni," alisema. "Mmealikwa, basi kaeni. Ila sina mboga."

Chiku alikuwa bado ameona haya kwa ajili ya ule ukelele. Akashusha kitenga chake: mchicha, bamia, na boga changa. "Chukua, Bwana. Tuseme ni fidia."

Boga na bamia zikatiwa chunguni kwa pweza, mchicha ukapitishwa kwenye mvuke juu ya mtama, hata haukuwahi kupoteza rangi. Mabakuli yalipoisha watu walishika vifuu vya nazi. Bwana Ghalib akapita akigawa: mtama chini, pweza juu, mboga kando, na upawa wa mchuzi wake mwekundu katikati. Hakuwa amewahi kumpa mtu chakula alichokipika mwenyewe, na sasa aliona ni jambo la kutisha kuliko kupanda punda mbele za watu.

Wakala. Aliwatazama midomo, akaanza kufikiria njia ya kutorokea nyuma ya nyumba.

"Bwana," Chiku alisema mwishowe, anafuta kifuu chake kwa kidole, "mchuzi huu umeufanyaje? Nazi yake ina harufu ya moto."

"Hiyo," alisema Bwana Ghalib, akiinua kidevu, "ni siri ya nyumba hii."

Bakuli la pili likalifuata la kwanza, na la tatu kwa wenye nafasi. Shaabani alisema pilau ya Idi haikufikia pale, akaomba amchukulie mkewe mchuzi kidogo kwenye kifuu.

Ndipo Bwana Ghalib akakaa na bakuli lake. Alipoketi tu, Bi Zubeda akanyanyuka, na chini ya kanga zake, pale alipokuwa ameketi tangu asubuhi, akaonekana mbuzi wa kukunia nazi, ametulia.

"Zubeda!"

"Umekaa kula, sasa nasema," alisema Bi Zubeda, na maneno ya asubuhi nzima yakatoka kwa pamoja. "Mtama huwekwa kibaba kwa watu wawili. Hurowekwa kwanza. Chungu kile cha shingo ni cha maji ya kunywa. Mwenye pilipili vidoleni hagusi jicho. Pweza hupigwa kwa mti wa kawaida, si kwa bakora aliyokuachia baba yako. Beseni langu la harusi utalisugua wewe. Na mtu akimwomba jirani mbuzi, aseme wa nini!"

Bwana Ghalib alitafuna, akameza. Kuku wangekuwa na bahati kubwa kula chakula kile.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na wewe hujala. Chukua bakuli."

"Nitakula baadaye," alisema Bi Zubeda.

Alasiri watu walipokwisha kutawanyika na beberu amerudishwa kwao, Bwana Ghalib alijilaza kwenye mkeka barazani, mikono inanuka vitunguu. Alishangaa kuona tumbo lake ni jepesi na usingizi hauji. Akafumbua jicho moja, akatazama upande wa jikoni. Bi Zubeda alikuwa peke yake, amekaa mbele ya kinu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaukomba mchuzi uliobaki chini na kuvilamba vidole vyote, kimoja kimoja, mpaka akamaliza.

Bwana Ghalib akalifumba jicho lake upesi, asije akamkatiza.