Koki ya Nyuma ya Mlango

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza gizani, tak-tak, tak-tak, kama meno ya mtu mwenye baridi. Umeme ulikuwa umekatika jua lilipozama, na majiko yote ya jirani yalinyamaza isipokuwa la Mama Kidoti. Ulimi wa moto wa buluu uliyachemsha maharage yake taratibu. Alitabasamu, maana alijua ng'ambo ya ua, kwenye nyumba kubwa, mlio ule unasikika.

Nyumba kubwa ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwenye jiko la umeme alilolisifia kama mtoto aliyefaulu. Tangu Mama Kidoti achimbe shimo nyuma ya banda la ng'ombe na kujenga mtambo wa gesi ya samadi, wifi hakuwa na wimbo mwingine. "Mama Samadi huyo, zibeni pua!"

Hilo angelimeza. Kilichomkaa kooni ni kile alichofundishwa mtoto. Siku moja Mama Kidoti alinyoosha mikono ambebe binti yake. Kidoti akarudi nyuma, akabana pua kwa vidole viwili. "Sitaki. Mama unanuka." Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo Mama Kidoti alijisugua kwa sabuni na ndimu hadi ngozi ikawasha, na bado mtoto alilala kampa mgongo. Kinyongo akakitunza kama mbegu.

Sasa hatua zikavuka ua, mbiombio.

"Hodi, wifi yangu."

Wifi yangu! Mama Kidoti nusura ageuke aone nani anaitwa.

"Karibu. Leo pua haina kazi?"

"Acha utani, mwenzio nimekwama. Wageni wa ofisini wako njiani, na nyama bado mbichi. Nipishe jikoni."

"Jiko lako hilo." Mama Kidoti akapeleka mkono nyuma ya mlango, kama anayetafuta kanga, akazungusha koki ya gesi. Ulimi wa buluu ukanywea, ukafa. "Ee, ona sasa. Gesi imekwisha."

"Si ilikuwa inawaka sasa hivi!"

"Mtambo una njaa. Haujalishwa leo."

"Basi ulishe!"

"Mimi nimeshaoga, wifi."

Samadi inayotiwa leo haitoi moto leo. Hulala huko chini siku nyingi ikichacha, ndipo ipumue. Mwenye mtambo yeyote anajua. Wifi hakujua.

Bandani, kwa mwanga wa tochi, alichuchumaa na gauni lake la wageni mbele ya ndoo: samadi, maganda ya ndizi, maji.

"Nipe kijiti nikorogee."

"Kijiti hakisikii majani, na majani yakiingia bomba linaziba. Tia mkono."

"Wote?"

"Mpaka kiwiko. Bonge hilo umeliruka, wifi. Livunje. Eeh, hapo hapo. Kumbe una mkono mzuri."

Wifi alivunja, akachambua, akajifuta jasho kwa mkono uleule. Mama Kidoti alimulika tochi vizuri asikose hata tone. Utamu ulimpanda hadi utosini. Ndoo ilipomiminwa shimoni, alirudi jikoni, akafungua koki, akawasha kiberiti. Puu! Ulimi wa buluu ukasimama.

"Haraka hivyo?" wifi alishangaa.

"Mkono wako, wifi, una baraka."

Taa za simu zikaingia uani, na sauti za wageni zikibisha hodi. Wifi akaduwaa mlangoni, samadi kwenye nywele, hajui aende wapi. Ndiyo saa aliyoingoja Mama Kidoti. Akaita kwa sauti ya asali, wageni wote wasikie:

"Kidoti, mwanangu! Njoo umsalimie shangazi yako."

Mtoto akaja. Akanusa mkono wa shangazi. Mama Kidoti akashika pumzi, akingoja vile vidole viwili vipande puani. Havikupanda. Kidoti akamsogelea mama, akanusa na wake, kisha akawageukia wageni, uso umemng'aa kama aliyetegua kitendawili.

"Shangazi ananuka kama mama."