Bata wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mama Bata alikubali kwenda shuleni kwa sababu moja tu: alitaka kumsikia mtoto akiucheka ukurasa wa kumi na mbili.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya kitabu chake. Alikiandika kwa penseli kando ya kitanda cha hospitali, nyuma ya karatasi za vipimo, binti yake wa pekee akiwa na miaka saba, mwili umekwisha, yamebaki macho. Kwenye ukurasa huo bata anavaa miwani ya mwalimu mkuu na kuita mahudhurio, na kila anayeitwa anajibu, "Kwaa!" Mtoto alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kulikoni. Siku ya tatu hakuamka. Kikabaki kitabu.

Kisha wakubwa wakakipenda. Na kitu wakikipenda wakubwa, watoto wakae chonjo. Walimpa tuzo, ngao ya shaba pamoja na hotuba tatu za watu ambao hawakuwa wamekifungua. Mwaka uliofuata wakakitia kwenye mtihani, na chini ya kila ukurasa wakapachika maswali. Bata anawakilisha nini? Taja sifa zake nne. Waliomba sahihi yake ya kuyakubali maswali hayo, naye akatia. Miaka kumi na moja imepita na bado anakumbuka rangi ya kalamu ile.

Darasani watoto walikaa watatu watatu kwenye madawati ya wawili. Mwalimu wao, mwanamke mchangamfu mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mama. Hawa nimewanoa, majibu yote wanayo."

"Sikuja kuwauliza, mwalimu. Nimekuja kuwasomea."

"Hakuna shida. Wataandika pointi."

Akasoma. Sauti ya bata aliitoa puani, kama zamani. Penseli zikainama. Alipofika kwenye "Kwaa!" akangoja.

Kwenye dawati la nyuma kicheko kikaponyoka, kifupi kama chafya. Kilitoka kwa msichana mwenye sweta iliyotoboka viwiko.

"Simama," mwalimu alisema, bila ukali, kwa mazoea tu. "Unacheka nini? Bata anawakilisha nini?"

"Viongozi wanaojipa madaraka wasiyostahili."

"Haya, mwombe mtunzi radhi."

"Shikamoo, bibi. Samahani kwa kukicheka kitabu chako."

Mama Bata alishika ukingo wa meza. "Marahaba, mjukuu wangu. Hukukosea. Nilikiandika ili kichekwe."

Msichana akamtupia mwalimu jicho, asije akawa ametegwa.

"Na huyo bata hawakilishi mtu," Mama Bata akaendelea. "Ni bata. Kavaa miwani, basi."

Darasa zima likaandika. Mwalimu akakohoa. Mvulana mmoja wa mbele, mwenye kichwa cha kupiga hesabu, akanyoosha mkono.

"Bibi, tukijibu hivyo kwenye mtihani tunapata maksi?"

Mama Bata alitamani kusema ndiyo. Lakini aliwahi kuwadanganya watoto mara moja, kwa sahihi, na ilitosha.

"Hapana," alisema. "Hampati."

Vifutio vikatoka. Msichana wa nyuma alikuwa wa mwisho kufuta. Alifuta taratibu, akapuliza vumbi, akaandika viongozi.