Zizi la Steshenari

Scola alirudi Nkoma kutoka Bariadi anacheka peke yake. Alikuwa ameomba chuo cha uuguzi kwenye kompyuta ya steshenari, na kompyuta ile, alimwambia bibi yake Mektilda, ina adabu kuliko watu wengi.

"Nilipoandika nywila ikaniuliza initunzie. Nikakubali. Siku nyingine siandiki kitu, naingia tu."

Bibi Mektilda hakuinua macho kwenye pamba aliyokuwa akichambua. "Na kiti cha hiyo kompyuta anakalia nani?"

"Yeyote, bibi."

"Yaani umempa mtu ng'ombe akutunzie, zizi hujalitazama kama lina mlango."

Scola akaacha kucheka. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho jioni.

Asubuhi wakapanda bodaboda moja, bibi katikati kama furushi la pamba.

"Shikamoo, bibi," alisema Januarius, mwenye steshenari.

"Marahaba. Tumefuata ng'ombe wetu."

Januarius akachungulia nje, hakuona ng'ombe.

Scola akafungua ukurasa wa maombi. Jina na nywila vikajijaza vyenyewe, kama alivyosifia. Ila penye uuguzi palikuwa pameandikwa afya ya mifugo.

Kijana aliyekuwa akingoja zamu, Ngassa, akanyoosha shingo. "Mbona hayo machaguo yangu? Nilijaza jana. Ukurasa ulifunguka wenyewe, nikadhani ndio wangu."

"Jina ulilisoma?" bibi akauliza.

"Sikulisoma."

"Basi mjukuu wangu alikuwa anakwenda kudunga sindano mafahali wa kule Mwamapalala, na wewe baba hujaomba popote."

Ngassa akakaa chini taratibu.

Muda ulikuwa bado upo. Scola akarudisha uuguzi wake, akabadili nywila, kisha akampisha Ngassa aombe kwa jina lake. Januarius naye akafungua kule kompyuta inakotunza nywila, akakuta za nusu ya wateja wake. Akazifuta zote, jasho likimtoka.

Scola alipobadili nywila, kompyuta ilikuwa imemuuliza tena: nikutunzie? Akabonyeza hapana, kwa nguvu, kama anaua kunguni.

Nje akamwinamia bibi sikioni. "Nikutajie wewe hiyo nywila basi, nisije nikasahau."

Bibi Mektilda akaziba masikio yote mawili.

"Mimi, kutunza siri? Muulize mama yako. Zizi langu halijawahi kuwa na mlango, nesi wangu."